Chujio la Saa Sita Mchana

Binti wa marehemu kaka yangu anasoma mto. Sisemi kwa mafumbo, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kila mwezi gari la idara ya maji humshusha kwenye daraja lililo upande wa juu wa mto na mtumbwi wake, hema, na kreti ya chupa tupu. Anashuka na mto siku nne, peke yake, akipitia vibao vitano vilivyosimikwa ukingoni. Kila kibao kimechorwa namba kama rula ya mwanafunzi. Anasoma maji yamefika wapi, anaandika daftarini, anajaza chupa moja ya sampuli, anashika kasia tena. Kazini wanamwita Bi Vipimo. Ana miaka kumi na moja katika kazi hiyo, na mabega yake yamekuwa ya mbeba magunia, jambo ambalo mama yake hachoki kulilalamikia.

Zamani kila kibao kilikuwa na mlinzi wake. Wawili niliwajua. Mlinzi alikuwa na kibanda, jiko la mafiga, na mtungi wa maji yaliyochemshwa, na mtu wa idara akipita alikunywa bila kuomba. Kisha mwaka juzi wakaja mabwana wa kompyuta, wakasema mlinzi ni gharama, mashine itasoma yenyewe. Walinzi wakarudishwa makwao. Zikafungwa mashine mbili. Moja sasa ni nyumba ya nyigu, nyingine ilikwenda na mafuriko. Kwa hiyo mtu bado anahitajika, ila mtungi ndio haupo.

Ndiyo maana binti yetu aliugua homa ya matumbo mara mbili ndani ya miezi saba. Mara ya pili daktari alimwambia waziwazi kwamba utumbo umechoka, na ikija ya tatu unaweza kutoboka. Mkuu wake wa kazi naye akaongeza la kwake: akiugua tena anahamishiwa masijala. Masijala yao naijua. Ni chumba kisicho na dirisha, mafaili hadi darini, na mama mmoja anayekohoa. Bi Vipimo alinieleza haya huku akisugua tumbo la mtumbwi, bila kuinua uso, nikaona kwamba chumba kile anakiogopa kuliko hiyo homa.

"Safari ni Jumatatu, Baba Mdogo," alisema. "Nisindikize nikanunue chujio."

Alinifuata mimi kwa sababu nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mabwawa ya mchanga yaliyokuwa yakichuja maji ya mji. Shule sikuipata. Nilianza kwa kukwangua tope kwa koleo, nikamaliza mainjinia wakinijia kuuliza mambo kwa sauti ya chini, maana vitabu walivyovitupa wao nilivisoma mimi. Mabwawa yale wameyafukia, wameweka maegesho ya magari. Maji sasa yanatoka kwenye dude la bati lenye taa za kijani, na likigoma hakuna anayejua aanzie wapi.

Basi Jumamosi asubuhi tukaingia duka la vifaa vya safari, mimi nimebeba dumu la maji ya mtoni. Kulikuwa na maboya, ndoano, kofia za baiskeli, na hema moja la maonyesho ambamo paka alikuwa amezaa. Muuzaji, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alilitazama dumu langu kabla hajanitazama mimi.

"Shikamoo mzee. Hilo la nini?"

"Marahaba. La kujaribia."

"Hapa hatujaribu. Ukifungua, umenunua."

"Viatu si mnajaribu?"

"Viatu havilowi, mzee wangu."

Tulianza vibaya na tukaendelea hivyohivyo. Akapanga vitu vitatu kaunta: mrija wa kunyonyea, pampu yenye kichungi cha kauri, na mfuko laini wenye kichujio mdomoni, wa kubana kwa mkono. Akaushika mrija kwanza.

"Huu ni kiboko yao. Unaingiza mtoni, unanyonya. Unatoa kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Kila kitu, mzee."

"Hata maji?"

Bi Vipimo akachekea puani. Nikageuza boksi. Asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa tisa. Nikauliza, asilimia ya nini? Yule bwana akasoma boksi upya, akanirudishia namba ileile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa wangu ni masikio.

"Sasa kaka, nanyonyaje nikiwa mtumbwini?" Bi Vipimo akamuuliza. "Niyainamie maji? Na mamba aniinamie mimi?"

"Mamba hawapendi kelele, dada."

"Kwani mrija unapiga kelele?"

Akauweka mrija kando.

Pampu ndiyo niliyoipenda. Kauri naielewa. Ikijaa tope unaifungua, unaisugua, unaiona kwa macho yako imekuwa nyeupe, na ikipasuka unaona ufa. Nikamwambia binti achukue hiyo, twende zetu. Nikaeleza kwa nini, na nadhani nilieleza kwa muda, maana paka alitoka hemani, akanisikiliza, akarudi.

Binti hakubisha. Aliketi sakafuni, miguu mbele, akaomba ufagio, akaushika kama kasia, kisha akaomba pampu. Akajaribu kuvishika vyote viwili. Ufagio ukaanguka.

"Umeona?" akasema. "Inataka mikono miwili. Mtumbwi umeshageuka, nakwenda kinyumenyume."

"Utapampu ukishafika kambini jioni," nikasema. "Nani kakwambia upampu katikati ya mto?"

"Baba Mdogo, kwani unafikiri mimi huugua jioni?"

Akaiweka pampu sakafuni.

"Jioni nina moto, nina sufuria. Nachemsha mpaka yatoe mapovu, kama ulivyonifundisha. Mimi huugua saa sita mchana. Kutoka kibao cha pili hadi cha tatu hakuna pa kutia nanga, kingo zote ni matete. Maji ya kuchemsha yameisha, maana sufuria yangu ni ndogo, na jua liko utosini. Nachota na kikombe, nakunywa. Najua ninachokifanya. Mara zote mbili nilijua."

 Mimi nilihisi hasira, na sikujua niipeleke wapi. Kitandani kwake hospitali nilimhubiria habari za vijidudu wiki nzima, sikumuuliza hata siku moja alikunywa saa ngapi.

"Basi huo mfuko," nikasema. "Fungua tuuone."

"Mzee, nimesema..."

"Hicho cha maonyesho! Kimekaa hapo hadi kimeshika vumbi!"

Akakileta, pengine ili tumwondokee. Bi Vipimo akajaza maji ya dumu, akakaa na ufagio wake mapajani, akaubana mfuko kwa mkono mmoja huku akielekeza mdomo wa mfuko kwenye kikombe. Maji yakatoka meupe, nusu kikombe. Kisha matone. Kisha hakuna.

"Kimeshiba," muuzaji akasema.

"Kimezibwa na tope," nikasema. "Bomba lake la kukisafishia liko wapi? Boksi linaonyesha bomba la sindano."

Akakuna kichwa. "Mke wangu ananyweshea maua yake."

Nilikuwa tayari nimeshika dumu langu niondoke. Ni ujinga gani kuuza chujio usilojua linazibwa na nini! Lakini binti alikuwa bado sakafuni, akiutazama mfuko.

"Nyinyi kule bwawani mlifanyaje na tope?"

"Tuliliacha litulie kwanza. Unatia shabu kidogo, ile chumvi inayokusanya tope, unakoroga, unasubiri."

"Nikifanya hivyo jioni, kwenye ndoo, asubuhi nikachota ya juu tu?"

"Kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hapo hakitaziba kirahisi. Kikianza kusuasua, unakirudishia maji safi kwa bomba, kwa nyuma."

"Basi nitashuka na mifuko miwili imejaa, na saa sita nitabana."

Alichukua kichujio kipya, kilichofungwa pamoja na mifuko miwili, akakifungua palepale kaunta na kuhakikisha bomba limo. Mimi nilisema yangu hadi mlangoni: kwamba nyuzi za ndani huzioni, kwamba kikianguka vibaya hutajua kama kimevunjika, kwamba kauri ingekwambia ukweli. Alinijibu, "Sawa, Baba Mdogo," kila mara, na hakurudi dukani kubadilisha.

Alikwenda Jumatatu, akarudi Alhamisi. Homa ya matumbo haina haraka, inaweza kukaa wiki tatu ndipo ijitokeze. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita kwao na kisingizio: leo nyundo, kesho gazeti, keshokutwa sikuwa na kitu, nikasema napunga upepo. Nilipofika nilimgusa paji la uso. Mama yake akaniambia nitalitoboa.

Siku ya ishirini na mbili tangu arudi nilimkuta uani anafunga hema. Nikanyoosha mkono, akaukwepa.

"Acha, Baba Mdogo! Mimi si sufuria. Shika kamba hiyo huko, gari linakuja saa moja."

Nikashika kamba.