Chakula Kisichotiwa Chumvi

Mie ni mtu wa shaka, sifichi. Sili kababu za barabarani kwa sababu sikuiona ile nyama ilipokuwa nyama. Mdalasini nasaga mwenyewe, na asali sinunui mpaka niijaribu kwenye maji. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, akisema hata nikiletewa zawadi nageuza kwanza nitazame chini. Cheka tu, nilikuwa nikimjibu, wasiwasi ndio akili.

Kwa hiyo paka wangu mweupe alipoanza kutapika na kunyonyoka manyoya ya shingo, wa kwanza kumshuku alikuwa huyo aliyetengeneza zile punje kavu za mfuko nilizokuwa nikimlisha. Nilikuwa na paka wawili, huyo mweupe na mwenzake wa mabaka, wote niliwaokota wadogo kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Mji Mkongwe. Nikamtia mweupe kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akambinya tumbo, akamfungua mdomo, akasema huenda chakula cha mfuko hakipatani naye. Kuna watu, akasema, huwalisha paka wao nyama mbichi, lakini lazima ipangwe sawasawa, si kumtupia tu mnofu. Nyama mbichi? Nikamshuku na daktari. Nilipofika nyumbani nikaugeuza ule mfuko nikasoma kilichomo, nusu ya maneno siyajui. Basi, nikasema, kitu nisichokijua hakiliwi nyumbani kwangu, hata na paka.

Nikaanza. Moyo wa ng'ombe ndio mwingi. Shingo za kuku zinasagwa pamoja na mifupa yake, na mifupa iwe mibichi, maana ikipikwa huvunjika vipande vikali vikatoboa matumbo. Maini kidogo tu, yakizidi yanadhuru. Viini vya mayai juu yake. Kitunguu, hapana. Chumvi, hapana kabisa. Nasaga kwa mashine yangu ya kuzungusha kwa mkono, nagawa kwenye vikopo, natia kwenye friza. Muuza nyama wangu wa Darajani alikuwa akiniwekea mioyo siku ya Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa siku ya kusaga. Na nyumba zetu hizi za mawe madirisha yake madogo, harufu ya maini mabichi haitoki. Nikimaliza nafukiza ubani, kama wanavyofukiza wanawake wote wa mji, magharibi ikikaribia.

Sasa wewe jumlisha. Alhamisi, usiku wa Ijumaa unaingia. Ubani. Moyo, maini, mayai, vyote vibichi, wala hakuna chumvi. Kwetu Unguja hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua chakula kisichotiwa chumvi huandaliwa nani. Majini hawali chumvi, ndivyo tulivyoambiwa tangu tuko wadogo. Lakini mie, na shaka zangu zote, sikuliona hilo hata siku moja. Nilikuwa nafurahi tu paka wangu kaacha kutapika na manyoya yanarudi.

Wakati huo mwanangu wa pekee, binti yangu, alikuwa kapata posa. Kijana mwalimu, kwao Bububu, mtu wa haya na heshima. Binti yangu alikuwa akimtaka mpaka chakula hakipiti. Na mie nilikuwa nikiitaka posa ile kuliko yeye, maana kuna nyingine kabla yake ilivunjika bila ya kuambiwa sababu, na mwanangu alijifungia chumbani hata nikaiogopea akili yake. Nikajiapia kuwa hii haivunjiki.

Basi Alhamisi moja shangazi yake kijana akabisha hodi. Ati alikuwa anapita tu. Mie nikajua pale pale, hakuna mtu anayepita tu ghorofa ya pili. Kaja kuchungulia. Nikamkaribisha vizuri, nikatoka kwenda kumletea maji, kumbe kanifuata nyuma hadi jikoni. Akaliona bakuli la nyama iliyosagwa na viini vya mayai juu yake, akadhani nakanda kababu. Akachovya kidole, akaonja, kama tunavyoonja sote.

"Bi, umesahau chumvi," akasema.

"Si kababu hizo. Chakula cha paka. Hakitiwi chumvi."

Akalitazama bakuli. Akakitazama chetezo changu cha ubani kinavyotoa moshi. Kisha akanitazama mie, na kile kidole akakifuta kwenye kanga, akakifuta tena.

"Paka," akasema. "Moyo na maini na mayai. Paka."

"Naam, paka."

"Hawali vichwa vya samaki hao?"

"Huyu mweupe hataki."

Ukweli mtupu, wallahi. Maji nikampa, akayashika, akayarudisha pale pale mezani. Akaaga.

Hazikupita siku nyingi jirani yangu wa chini akanivuta mkono nje ya mlango. "Mwenzangu, huko Bububu wanasema una vyako." Vyangu nini? "Vyako. Unavilisha." Nilimtukana, masikini, na yeye kaniletea habari kwa wema. Usiku ule sikulala, nawaza nani kasema nini na nani. Nikamshuku muuza nyama, nikamshuku jirani mwenyewe, nikamshuku hata daktari.

Halafu akaja mama yake kijana, pamoja na yule shangazi. Nilitengeneza sambusa, nikachoma vileja, chai ya maziwa na hiliki. Binti yangu alitandika meza. Wakakaa. Mazungumzo mazuri, mvua, bei za vitu, afya. Lakini mkono hakuna aliyeupeleka kwenye sahani. Sambusa zinapoa. Chai inatanda utando. Namtazama mama yule, naye anatazama nyuma ya kochi, chini ya meza, pembeni mwa pazia, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Damu ikanipanda.

"Hebu njooni," nikasema. "Njooni muwaone hao ninaowalisha."

Binti yangu akaniambia taratibu, "Mama, basi." Sikumsikia. Nikatoa sahani ya chakula cha paka, nikaiweka katikati ya sebule, nikachukua chumvi nikainyunyiza mbele ya macho yao, kama mtu anayekaanga chipsi. "Haya! Kama ni majini, wasile. Kama ni paka, watakula!"

Paka wakaja mbio. Mweupe akanusa. Akarudi nyuma, akapiga chafya, akatikisa mguu wa mbele, akenda zake. Wa mabaka akanusa, naye akamfuata.

Khaa! Paka aliyezoea chakula safi, mtu akimmwagia konzi nzima ya chumvi atakula vipi? Lakini nenda kamueleze hivyo mtu ambaye keshasimama anatafuta viatu vyake. Yule shangazi alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini mpaka anafika mlango wa barabarani. Binti yangu aliniambia neno moja tu, "Umenimaliza," akaenda kulala kifudifudi.

Nikajua imekwisha. Kumbe wapi! Haukupita muda wakaleta jawabu kwamba wameridhia, na harusi iwe upesi, na kila tunalotaka sisi, wao wako radhi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Watu waliokimbia nyumba yangu, leo wanaikimbilia kwa nini? Kijana mwenyewe ndiye aliyemwambia binti yangu sababu, huku anacheka. Mama yake alikuwa kasema, watu kama wale hawakataliwi, ukiwakatalia wanakutumia vitu.

Nikataka kuvaa buibui niende Bububu nikawaeleze. Binti yangu akanishika mkono. "Mama, nakuomba. Kila ukisema si kweli, wao wanazidi kuamini. Niache niolewe." Nikamuacha. Akaolewa, akapendeza, akaenda kwa mumewe Bububu.

Mwanzoni alikuwa akinipigia simu tunacheka wote. Mama mkwe hamuachii ateke maji. Mama mkwe anamuuliza yeye leo kipikwe nini. Akikohoa usiku, asubuhi uji uko mlangoni. Wewe umeona wapi mambo hayo? Wenzake wanasagwa na mama wakwe zao, yeye anabebwa kama yai. Mie mtu wa shaka wema ule ulikuwa hauniingii. Na kweli, kadiri siku zilivyokwenda kicheko kilipungua. "Mama," akaniambia siku moja, "nikiingia jikoni wananyamaza. Mtoto wa wifi nikitaka kumpakata, wanamchukua polepole." Nikamwambia watazoea. Sikuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Juzi hizi, mchana, mlango ukagongwa. Mama mkwe wa mwanangu, peke yake, mkononi kashika mfuko. Kaja bila ya shangazi, bila ya simu. Akakaa ukingoni mwa kochi, akaufungua mfuko. Maini na moyo, nyama ya kuchinjwa asubuhi ile ile, na mayai ya kuku wa kienyeji yamefungwa vizuri kwa gazeti.

"Sikutia chumvi," akasema.

"Mwenzangu..." nikaanza.

"Mficha uchi hazai," akanikata, na machozi yakaanza kumtoka. Akaniambia ana binti yake mkubwa, kaolewa zamani, mimba zinaingia na zinatoka. Hospitali wamekwenda. Dua zimesomwa. Mume sasa anaambiwa na kwao aoe mwengine, na mwanangu kakonda, kabaki macho. "Mie sikuja kukuuliza vyako vimetoka wapi. Sitaki kujua. Waambie tu. Waambie wamshikie mimba moja tu."

Mie nimewahi kukasirika na watu wale, nimewahi kuwacheka, lakini pale nilimuonea huruma mpaka nikasahau kukasirika. Mama kwa mama. Na ningeweza kusema, haya, nitawaambia. Ulimi ulinijia hadi kwenye meno. Lakini niseme vipi, nijibebeshe shirki mbele ya Mungu, nimuuzie mwenzangu tumaini lisilokuwepo? Nikamshika mikono.

"Dada yangu, wallahi, wabillahi, watallahi, ni paka. Sina chochote. Ningekuwa nacho ningekupa leo, kabla hujamaliza kusema."

Akaitoa mikono yake mikononi mwangu, taratibu.

"Mwanao nimemnyima nini?" akauliza. "Niambie, nimemnyima nini mimi? Na wewe unaninyima hiki kimoja."

Nikaapa tena. Nikalia na mimi. Yeye akajifunga buibui, akashuka ngazi bila ya kuaga, na mfuko akauacha pale pale mezani.

Alasiri simu ikalia. Binti yangu, kutoka Bububu, anazungumza kwa kunong'ona.

"Mama, umemfanya nini? Kaja chumbani kwangu kapiga magoti. Mama mkwe, mama! Kanishika miguu, ananiomba nikuombee kwako umsamehe alipokukosea, umtoe mwanawe kifungoni, apate kuzaa. Namuinua, hainuki."

Nikamueleza yote, tangu mfuko mpaka viapo. Akanisikiliza. Nikamaliza, nikasubiri aseme masikini, au acheke, au alie. Huyu ndiye aliyekula meza moja na paka wale, aliyekuwa akinishikia bakuli nisage, aliyeoga na kusali katika nyumba hii tangu kuzaliwa kwake.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Mie mwanao. Niambie kweli. Ni paka tu?"