Treni Haina Mtani

Baba yangu aligeuza njia za reli pale stesheni ya Tabora mpaka alipostaafu, na alikuwa akituambia kwamba treni haina mtani. Alikuwa na maana kwamba ukiichelewa hakuna wa kumchekea wala wa kumbembeleza, inakwenda zake. Nimezeeka nikiamini neno hilo. Waliosoma jiografia kwangu watakwambia kwamba darasani kwangu aliyechelewa dakika moja alisomea dirishani.

Nilipostaafu ualimu nikaanza kuihangaikia treni ya watalii. Hupita kwetu mara chache kwa mwaka ikitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na zamani ilisimama Tabora saa moja tu, kuongeza maji na kubadilisha dereva. Wazungu walichungulia madirishani, wakawapiga picha akina mama wauza ndizi, wakaenda. Iliniudhi. Misafara yote ya zamani, ya pembe na ya watu, ilipumzika hapa wiki kwa wiki, leo mtu apite bila kukanyaga ardhi? Niliwaandikia wenye treni barua tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa: tutasimama saa nne, mara moja, kwa majaribio. Wageni wakirudi wote kwa wakati, Tabora itaingia kwenye ratiba ya kila safari. Akikosekana hata mmoja, tunarudi kwenye saa moja ya maji.

Treni ingefika saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita kamili. Nikagawa wageni thelathini na wawili katika makundi matatu. Kumi waende Kwihara kuona tembe la kale, kumi waende sokoni kwenye asali ya Sikonge, na kumi na wawili waende Itetemia, kwa mama mmoja mkulima, wakatwange karanga na kula ugali kwa mboga ya kuungwa. Kila kundi na basi lake dogo, na wote wawe stesheni saa tano na nusu.

Saa yangu ya majaribio ilikuwa mama yangu. Ana miaka sabini na minane na goti bovu, nikaona mzee wa Kizungu hawezi kuwa mzito kuliko yeye. Kwa wiki mbili nilimpandisha na kumshusha basini, mimi nimeshika simu nahesabu dakika. Shida ni kwamba mama hapiti mtu bila "mwangaluka", na salamu ya Kinyamwezi haina mkato: utaulizwa watoto, utaulizwa mvua, utaulizwa lile goti. "Mama, wazungu hawatasalimiana hivi," nikamwambia. Akanijibu, "Basi usinipime mimi." Hata hivyo nikaongeza dakika kumi kwa kila kituo.

Basi la Itetemia nilimpa mtani wangu. Ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya udereva akaoa hapahapa, na kwa miaka ishirini hajawahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. "Nyie wapagazi," ndiyo salamu yake, "sugu za begani zimepona?" Nami humuuliza kama ngoma ya kwao imekwisha ili waanze kulima. Amenizidi miaka miwili, lakini baina ya watani umri hauhesabiwi. Alipofiwa na mkewe nilikwenda nikaficha ufagio wa nyumba yake mpaka wakanipa kuku, na aliniambia baadaye kwamba siku ile hakucheka ila pale.

Siku yenyewe treni ilifika kwa wakati. Mabasi yakaondoka. Mimi nikabaki stesheni na karatasi ya majina, maana niliona mwenye kuhesabu asitembee. Sikunywa hata chai.

Saa tatu na nusu mtani akapiga simu. "Mmoja nimemwozesha huku," akasema. "Mahari ng'ombe sita. Nimepokea kwa niaba yako." Nikamuuliza Mzaramo ng'ombe atawafunga wapi, kwenye ngoma? Nikakata, na nilijisikia vizuri kidogo. Saa nne na robo akapiga tena kusema bibi mmoja amegoma kurudi, amependa mchi. Nikacheka, ila nilianza kukasirika, maana nilikuwa nasubiri simu ya Kwihara.

Saa tano na dakika kumi akapiga mara ya tatu. Wa sokoni walikuwa wanashuka na madumu yao ya asali, na mimi nahesabu vichwa.

"Mtani, mzee mmoja hayupo."

"Umemwozesha na huyo? Chukua mahari, njoo."

"Nakwambia hayupo."

"Njoo!" nikasema, nikakata. Akapiga tena, sikupokea. Nilikuwa nimefika kichwa cha saba na sikutaka kuanza upya.

Kundi la Kwihara likaingia saa tano na dakika ishirini na tano, wote kumi. Saa tano na dakika thelathini na tano basi la Itetemia likasimama, nikahesabu wakishuka. Kumi na mmoja. Nikaingia ndani ya basi nikaangalia chini ya viti kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mtani alikuwa amesimama mlangoni, hana uso wa mzaha.

"Nilikwambia," akasema. "Ukasema nije."

Nilijua pale pale kwamba kosa ni langu. Nalisema hapa kwa sababu sikulisema siku ile.

Nikampigia yule mama wa Itetemia. Alishangaa ninavyohema. "Mzee wako mbona yupo," akasema. "Yupo kwa jirani, msibani. Nimetoka huko sasa hivi, nikakuta basi limeshaondoka." Jirani alikuwa amefiwa na mkewe, maziko yalikuwa jana yake. Mzee wa Kizungu alipita akienda kuosha mikono, akaona wanaume wameketi kwenye mikeka, akavua kofia, akavua viatu, akaketi. Wakampisha. Akaanza kulia bila sauti.

"Mmemwacha hapo tu?" nikauliza.

"Mwalimu, mtu amekuja kuhani. Nani atamwambia ondoka?"

Hakuna. Hata mimi nisingemwambia. Mtu aliyeketi kwenye mkeka wa msiba hanyanyuliwi, ananyanyuka mwenyewe. Ila kuna watu wa aina moja wanaoruhusiwa kufanya lolote msibani, na mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, amesikia kila neno. Mtani aliruka kwenye usukani na kugeuza basi vumbi likatufunika.

Itetemia ni dakika kumi kwenda na kumi kurudi, kama hakuna ng'ombe barabarani. Nilimwendea msimamizi wa safari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, nikamwambia mgeni mmoja yuko njiani. Njia ni moja, akaniambia, na mbele kuna treni ya mizigo inayotusubiri tupishane. Hakunikaripia. Aliangalia saa yake tu, akaendelea kuiangalia.

Saa tano na hamsini wageni wote walikuwa wamepanda. Saa tano na hamsini na tano wenye bendera wakasimama mahali pao. Nilitembea kutoka mwisho wa jukwaa hadi mwisho, nikaona kazi yangu yote inakwisha pale, nikamwonea haya baba yangu aliye kaburini. Saa sita honi ikapigwa. Saa sita na dakika mbili honi ya pili, na msimamizi akaweka mguu kwenye ngazi.

Basi likaingia saa sita na dakika nne, mpaka karibu na jukwaa. Mtani akashuka wa kwanza, mbio, kofia ya mzee kichwani mwake na viatu vya mzee mkononi. Nyuma yake mzee anakimbia na soksi, macho mekundu, anacheka. Ndivyo alivyomwondoa mkekani: hakumshika, hakumwambia neno, alimnyang'anya kofia na viatu akakimbia navyo, na waombolezaji wakaangua kicheko, na mzee akanyanyuka mwenyewe kufuata mali yake. Mzee alipofika kwangu akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwamba mke wake pia amekufa mwaka huu. Akavaa kofia, akapanda na viatu mkononi.

Msimamizi alikuwa na daftari. Dakika sita, akasema, na lazima aeleze kwa nini. Alipoona mzee amepanda, uso ukalegea kidogo. Aliniuliza, "Dereva alikujulisha mapema kwamba mtu amepotea?"

Mtani alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anajifuta jasho.

"Hapana," nikasema. "Hakunijulisha."

Msimamizi akaandika. Ikiwa ni hivyo, akasema, tatizo ni dereva, mpango wenyewe ni mzuri. Mtani akanitazama akisubiri nicheke. Uongo wa namna ile baina yetu ungekwisha kwa kicheko, ningesema "namtania huyu Mzaramo", na daftari lingefutwa. Nilikuwa na muda wa kusema hivyo. Treni ilikuwa bado haijasogea. Nikaangalia karatasi yangu ya majina.

Tabora imeingia kwenye ratiba. Barua ilikuja na sharti moja, dereva wa Itetemia abadilishwe. Nilikwenda kwake kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na njiani nilijipangia majibu kuhusu ngoma na kilimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akaniuliza habari za mama.

Siku treni inapokuja yeye naye huwa pale nje ya stesheni na basi lake, anatafuta abiria wa Nzega. Mimi hupita na karatasi yangu. Husimama kwa adabu, mtu aliyenizidi miaka miwili, na kunipisha.

"Shikamoo, mwalimu," husema.

Nami, kwa kuwa watu wanasikia, huitika marahaba.