Mwanamke Mwenye Nundu Kwenye Picha ya Joto

Esteri Nsengimana alikuwa na namna yake ya kuusikiliza mzinga, na haikuwa namna ya kupendeza machoni pa watu. Alichukua kijiti cha mninga chenye urefu wa mkono, akaegemeza ncha moja kwenye ubao wa mzinga, akaing'ata ncha ya pili, kisha akafumba macho. Mvumo wa nyuki ulisafiri ndani ya kijiti ukaingia kwenye taya, na kutoka kwenye taya ukaenea kichwani. Sikio lake la kulia lilikufa utotoni kwa homa, la kushoto lilikuwa limeanza kuchoka. Meno ndiyo yaliyobaki.

Aliyemfundisha ni baba yake, ambaye alivuka mpaka kupitia Mabamba akiwa na mke, mtungi na mbegu za maharage. Siku zile mwanamke hakupanda mti kutundika mzinga. Baba alipanda, binti akabaki chini na upondo mrefu mdomoni, ncha yake ikigusa mzinga, akimwambia kama nyuki wenyewe wamo au wamehama. Watoto wa jirani walimwita Mla-mizinga. Sasa ana miaka hamsini na sita, na jina hilo halijamtoka.

Kikundi chao cha wafuga nyuki wa Kitanga kina mizinga saba ya masanduku, iliyoning'inizwa kwa waya katika mstari mmoja chini ya miyombo, kimo cha kifua, yote imepakwa rangi ya samawati. Wa Esteri ni wa pili kutoka barabarani. Wa pili kutoka mtoni, kwenye mwisho wa upande mwingine, ni wa Mzee Bazilio.

Mwaka huu nyuki walikufa katika vijiji vya jirani, na kikundi kikaweka sharti. Mzinga uliokufa haufunguliwi, kwa sababu nyuki wa mizinga mingine wangeingia kuiba asali na kurudi nyumbani na ugonjwa. Unazibwa mlango kwa udongo na kuchomwa mzima. Kuwaona nyuki wakiingia na kutoka hakukuwa ushahidi tena. Huenda ni wezi hao.

Ndipo alipofika Haidari, kijana msomi, mwana wa muuza vitambaa wa Kasulu mjini, akiwa na sanduku jeusi juu ya miguu mitatu. Aliwaeleza kwamba kila chenye uhai hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa jicho. Kioo cha kawaida huizuia miale hiyo, na lenzi inayoipitisha hutengenezwa kwa madini adimu, ghali kupita kiasi. Yeye na wasomi wenzake walikuwa wanajaribu kuiacha lenzi kabisa. Mbele ya sanduku palikuwa na bati jembamba lenye tundu dogo kuliko tobo la sindano, basi. Joto lingepita humo lenyewe na kuichora picha kwenye bamba la nyuma.

Esteri aliuliza tundu tupu linawezaje kuona. Haidari akacheka kwa adabu, akasema maelezo yake ni marefu. Wasomi wetu wana ugonjwa huo: ukiwauliza swali la msingi, wanakuhurumia badala ya kukujibu.

Asubuhi ya Jumanne, picha ilipopigwa, Esteri alikuwa kando ya mzinga wake, akimwaga majivu kwenye shina la mti kuzuia siafu, mjukuu wake Winnie amelala mgongoni. Haidari alimpigia kelele asitikisike, kwa kuwa tundu hupitisha joto kidogo kidogo na picha huchukua nusu saa kukamilika. Alisimama nusu saa nzima kama kigingi cha mbuzi.

Ijumaa wanakikundi wakakusanyika. Haidari alikuja na sanduku lake na picha iliyochapwa kwenye karatasi kubwa: mstari wa masanduku, sita yana doa jeupe la joto tumboni, moja ni jeusi tii. Jeusi lilikuwa la pili kutoka barabarani.

"Mama Niyongabo, pole," alisema Ange, mwenyekiti wa kikundi, akimwita kwa jina la mwanawe mkubwa. "Ni wa kwako."

Esteri akasema alikuwa ameung'ata alfajiri hiyo hiyo, na walikuwa wanavuma. Mmoja akasema nyuma kwamba labda tumbo ndilo lililovuma. Watu wakacheka, naye Mzee Bazilio akacheka pamoja nao, ingawa si kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyenusurika na mengi na kicheko kilimtoka upesi.

"Mashine haina pendo wala chuki, mama," Haidari akasema. "Wewe unaupenda mzinga wako, kwa hiyo unausikia."

Maneno hayo yalimwingia mahali pabaya. Aliomba apewe hadi alasiri, wakakubali. Alikwenda kwenye mzinga, akang'ata kijiti: mvumo upo. Akarudi nyumbani, akakiegemeza kijiti kwenye mwimo wa mlango wa jiko, akang'ata: akasikia mvumo, hafifu, lakini akausikia. Mlango wa jiko hauna nyuki. Akaketi kwenye kizingiti asijue la kushika. Kama kichwa chake kinavuma chenyewe, amekuwa akimdanganya nani miaka yote hii? Na kama hakivumi, mbona mlango unavuma? Alijaribu tena akasikia, akajaribu mara ya tatu asisikie kitu, akazidi kuchanganyikiwa.

Alasiri alirudi, na katika kuvunjika moyo kwake akaomba aitazame picha tu, aone jinsi kifo kinavyoonekana. Udongo wa kuzibia ulikuwa tayari umekandwa, bonge zima, umewekwa juu ya jani la mgomba. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kwenye mwisho wa upande wa mto, kando ya mzinga wa Bazilio, palisimama umbo jeupe la mtu mwenye nundu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Haidari akasema bila shaka ni mwenye mzinga. Bazilio akakataa, Jumanne alikuwa sokoni Mabamba na maharage yake, watu walimwona.

"Basi ni mkeo, mzee," mtu akamtania. "Kaanza lini kunenepa mgongo?"

Esteri hakucheka. Alimfungua Winnie mgongoni, akamweka tena, akalifunga fundo la kitenge polepole. Nundu ya kwenye picha ilikuwa mahali pale pale alipolala mtoto. Lakini yeye hakufika upande wa mto siku ile; miguu yake ilikuwa na uhakika, na baada ya mambo ya asubuhi hata miguu aliitilia shaka.

"Mwanangu," akamwambia Haidari, "Jumanne ulinikataza nisitikisike. Nilikuwa wapi?"

Haidari akanyoosha mkono kuelekea barabarani kabla hajafikiri. Mkono ukabaki hewani. Aliitazama karatasi, akaugeuza uso kwa mizinga, akarudi kwenye karatasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tundu huipindua picha yote: juu huwa chini, na kushoto huwa kulia. Yeye alipoiona miti imesimama kwa vichwa aliirudisha juu ikawa juu, akaridhika. Kushoto na kulia hakuvigusa. Alikuwa amekwenda shule miaka kumi na tisa, na kosa lake limeonwa na mwanamke aliyeambiwa kwamba pendo linamzuia kusikia sawasawa.

Ange aliwahi kuelewa kuliko wengine. Kama mtu mwenye nundu anahamia barabarani, mzinga mweusi nao unahamia mtoni. Hakuna aliyemtazama Bazilio.

Mzee huyo akasogea karibu na Esteri. "Dada," akasema, "nenda uung'ate wangu."

Akaenda. Alitaka mno asikie kitu, na kwa kuwa alitaka, hakujua ayaamini meno yake kwa kiasi gani. Palikuwa na kitu, au palikuwa na ule mvumo wa mlango wa jiko.

"Unasikia nini?"

"Sijui, kaka."

Esteri akamwambia Haidari apige picha nyingine kabla ya moto kuwashwa, na safari hii yeye atasimama hapo hapo mtoni. Akasimama nusu saa, mtoto mgongoni, kiganja juu ya ubao wa samawati. Picha ilipotokea kwenye bamba la nyuma, na kugeuzwa kama ilivyopaswa, mwenye nundu alisimama kando ya sanduku jeusi.

Bazilio aliliinua bonge la udongo yeye mwenyewe, akauziba mlango kwa kidole gumba, akilainisha kingo kama mtu anayesiliba ukuta wa nyumbani kwake. Moshi ulipoanza kupanda, Esteri alikwenda kwenye mzinga wake, ule uliookoka, akakitoa kijiti na kukiegemeza kwenye ubao. Alikaa nacho mkononi kwa muda, akakirudisha ndani ya kitenge bila kukitia mdomoni.