Nilingoja upepo utulie ndio nichome mabua Gatuanyaga. Kumbe hapo ndipo nilikosea

Sasa wakuu? Hii imenitokea mimi mwenyewe kiangazi hiki, na sehemu ya aibu pia nitaiweka.

Nafanya kazi Ruiru na kulala Kamakis, lakini niko na kashamba Gatuanyaga, upande ule mkavu wa Thika. Jumamosi moja nilienda kusafisha kabla mvua ije. Mabua ya mahindi yalikuwa yamekauka kabisa.

Jirani yangu tunamwita Cucu, maana ni rika la nyanya zetu. Ana ng'ombe mmoja, alikuwa na mimba kubwa, na rundo la nyasi kavu la kumlisha mpaka mvua ianze. Huko nyasi nyingine haikuwepo, ni vumbi tu.

Nilifika saa nne upepo ukivuma. Cucu akaniambia nilale, nichome kesho alfajiri umande ukiwepo. Nikaona ni mambo ya wazee.

Saa sita upepo ukatulia. Hata jani halitingishiki. Nikalima mstari mpana kuzunguka mabua, nikajaza mitungi miwili ya maji, nikawasha. Moshi ulipanda wima. Kusema ukweli nilijiona expert.

Nusu ya shamba ikiwa imegeuka nyeusi, majivu yakaanza kuzunguka pale katikati, polepole.

Badala ya kukimbilia maji, nikatoa simu nirekodi. Ndiyo ile aibu.

Ulikuwa ule upepo wa kuzunguka unaobeba vumbi, sisi tunauita ngoma cia aka. Uliokota mabua yanayowaka, ukaruka mstari wangu, ukayaangusha kwa Cucu. Rundo likashika.

Tulikimbia na mitungi, majirani wakaja na matawi. Ng'ombe tulimfungua akapona. Nyasi iliisha yote.

Cucu aliangalia majivu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu atakula nini?"

Niliumia sana.

Tangu siku hiyo nikawa nakata nyasi kando ya mto huku Ruiru nikitoka job, boda inampelekea. Nilikata mpaka mvua ikaanza. Ng'ombe alizaa salama, ndama ni mzima.

Lakini swali halikunitoka. Upepo ulitoka wapi na kulikuwa kumetulia?

Weekends zote nilizoenda kabla ya mvua, nilikuwa nakaa kivulini saa sita kuungoja. Haukuwa unakuja siku ya upepo mwingi. Ulikuja siku tulivu yenye jua kali, na mara nyingi ulianzia barabarani au pale peusi nilipochoma. Nafikiri mahali peusi panachemka kuliko kando yake, hewa inapanda kwa haraka na kuanza kuzunguka. Kama ni hivyo, moto wangu ndio uliuita.

Somo langu ni hilo: kukitulia sana saa sita, usiwashe kitu. Mabua yaliyobaki tulichoma na Cucu alfajiri, mafungu madogo madogo, na hakuna kilichoruka.

Watu wa physics, nirekebisheni kama nimekosea. Na nyinyi wenye mashamba huko kwa ukavu, mnachoma saa ngapi?

Mimi hata nikitaka kujaribu tena siwezi. Cucu alichukua kiberiti changu siku ile, na kila nikikiomba ananiuliza kwanza ni saa ngapi.