Viti Viwili Mlangoni pa Askerdale

Zamani mbunge wa Askerdale, mji wetu mdogo huku Uingereza, alijulikana hata na mbwa wetu. Siku hizi mbunge tuliye naye, ukimuuliza Askerdale iko wapi, atatafuta ramani.

Wilfred Ogden alikuwa fundi wa reli na mtu wa Leba, chama cha wafanyakazi. Kila uchaguzi alibandika ua la utepe mwekundu, rangi ya chama chake, kifuani, akaketi mlangoni pa ukumbi wa kanisa, palipopigiwa kura, kuwauliza waliopiga kura namba zao za daftari, ili chama kijue nani bado, kikamtoe kitandani. Upande wa pili wa mlango aliketi Bi Enid Pickersgill, binti wa daktari wa mifugo, na ua la buluu, akikifanyia chama cha Wahafidhina kazi hiyo hiyo.

Siku nyingine zote hawakusemezana. Bi Enid alikaa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye bustani. Siku ya kura walinywa chai ya chupa moja hadi milango ifungwe.

"Watu wako leo wachache, Bwana Ogden. Wamelala?"

"Wako kazini, Bi Enid. Kazi ni nini, kamuulize mpishi wako."

"Kunywa chai kabla sijaimwaga."

Wilfred hakuoa. Serikali ilipoanguka kabla ya muda wake, uchaguzi ukaitwa mapema, alifurahi, hata ilipokuwa ya chama chake.

Kisha tume ya mipaka ya majimbo ikalikata jimbo letu kwa kufuata mto. Jimbo lililopeleka mbunge London tangu enzi za farasi likafutwa kwa aya moja ya ripoti. Nimeisoma maktabani, haina hata neno la pole. Upande wetu tukaunganishwa na mji wa viwanda, upande wa Bi Enid na wakulima. Kila upande ukapewa kituo chake cha kura, ukumbi ukaachwa.

"Huko nitakaa na nani?" Wilfred aliwauliza wakubwa wa chama.

Wakamjibu kuna hita, hatasikia baridi.

Siku ya uchaguzi uliofuata nilipita ukumbini nikitoka kupiga kura kwenye kituo kipya. Ndani wanawake walikuwa wakijifunza dansi. Mlangoni palikuwa na viti viwili, ua jekundu, ua la buluu na chupa ya chai.

"Namba yako, jirani," akasema Wilfred.

"Hapa hapapigwi kura."

"Tumesikia. Namba?"

Nikampa.

"Huyo hajawahi kuwa wetu," akasema Bi Enid.

"Wala wetu. Mliberali. Lakini andika, Bi Enid, ni mtu."

Mvua ikaanza. Nilipogeuka njiapanda walikuwa wamesogeza viti chini ya mwavuli mmoja, wenye nembo ya Wahafidhina, na Wilfred ndiye aliyeushika. Nikakata kona, sikuwaona tena.