Kipande cha Sauti Tano

Juzi, arusini Lubunga, kijana mmoja alipiga kwenye gita kipande ninachokijua, nami nikaweka chini sahani ya wali. Watu walikuwa wanacheza, rafiki yangu. Mimi nilitaka akome.

Kipande kile nilikibuni mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja, ng'ambo ya mto, Kisangani mjini. Tonton, yaani mjomba, mdogo wake mama, ndiye alinifundisha, ingawa bibi alishikilia kwamba gita si kitu cha msichana. Lilikuwa la mbao za sanduku, nyuzi zake tumezichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Bibi akitwanga pondu, majani ya muhogo, uani, tonton alinionyesha sauti tano tu: do, re, mi, sol, la. "Fa na si uache kwanza, iko na matata. Hizi tano haigombanaka na mutu. Bon, tembeza vidole fasi unapenda." Kiangazi kizima nilitafuta kipande changu mwenyewe, nisikipate. Harufu ya pondu mbichi bado naipenda.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu waasi walipoingia mjini. Tonton alijificha jikoni. Uani kwetu walimburuta jirani, karani wa posta aliyezoea kutugawia sukari. Kosa lake lilikuwa tai shingoni; kwao tai ilikuwa alama ya msomi wa serikali. Mmoja wao akaliona gita mikononi mwangu. "Wewe mutoto, piga! Bwana mukubwa atacheza."

Nikapiga. Jirani akaruka kichurachura kwenye matope, wao wakimchapa na kucheka. Na hapo, Mungu anisamehe, vidole vyangu vikakipata: kutoka la kwenda do, kurudi sol, kitamu ajabu. Nikakirudia. Nilitabasamu! Hakuna sauti hata moja iliyogombana na yale yaliyokuwa yakifanyika pale, na hadi leo najionea kinyaa.

Jirani walimpeleka upande wa mto, hakurudi. Tonton akatoka jikoni, akanitazama. "Ile ya mwisho," akasema, "rudia." Wiki ile ile alikuwa anakipiga kwenye baa.

Bibi, tonton, ule ua, vyote vimekwisha. Kipande kile kichafu ndicho kilichobaki. Nilimfuata kijana wa arusini nikamuuliza alikitoa wapi.

"Ah, koko, bibi yangu, hii iko ya zamani," akacheka. "Hakuna mutu anajua ilitoka wapi. Iko ya furaha tu."

Nikasema hata mimi sijui. Akaanza tena, na nilipotazama chini, mguu wangu ulikuwa unafuata.