Spika Iliyoficha Ng'ombe

Mimi kazi yangu ni kelele. Siku za mnada pale Segese nasimama juu ya meza ya mitumba na spika ya mkononi, naita watu mpaka aliyekuwa anapita na baiskeli yake anashuka aulize kuna nini. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma kila kinachopita mbele yangu: magazeti ya kufungia maandazi, maelezo kwenye makopo ya dawa ya mahindi, matangazo ya ofisi ya kata. Karatasi yenye maandishi siwezi kuiacha hivi hivi. Lazima niigeuze nione upande wa pili.

Kwa hiyo siku mkoa ulipotuletea wataalamu wake Segese, sikwenda kutibiwa wala kulalamika. Nilikwenda kuchungulia. Walisimamisha mahema uwanja wa shule ya msingi, na chini yake meza: ya ardhi, ya vitambulisho, ya kupima presha, ya msaada wa sheria, ya mifugo. Mimi nikawa nashangaa. Hawa watu siku zote tunawafuata sisi ofisini, tunaambiwa njoo kesho. Leo wamekuja wenyewe, mpaka mihuri wamebeba. Nini kimewatoa? Nikapita meza moja moja nauliza. Wa ardhi nilimuuliza akipoteza muhuri njiani inakuwaje. Wa presha nilimuuliza kama na yeye amepimwa. Akacheka, akasema hajapimwa. Nikamwambia akae nimpime mimi.

Tatizo watu hawakuja. Mtangazaji wao alikuwa anasoma karatasi kwa sauti ya msibani. Nilivumilia, nikashindwa.

"Kaka, hapo unaita watu au unawaaga?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye akanuna. Mkuu wa msafara, mama mmoja wa mkoani mwenye miwani ya kamba, akanitazama juu mpaka chini.

"Haya binti, wewe unayejua. Chukua."

Nikachukua. "Wachimbaji! Ninyi ambao duara, shimo lenu, likitema dhahabu mioyo inawatoka mdomoni, mmewahi kuuliza huo moyo wenyewe unaendeleaje? Njoo uulizwe bure!" Haikupita muda, foleni ya presha ilikuwa imezunguka mpaka nyuma ya vyoo, wanaume na matope yao ya shimoni miguuni wanasukumana kama wanagombea mchanga wa dhahabu. Jioni yule mama akaniomba niende nao vijiji vilivyobaki. Akavitaja. Cha mwisho kilikuwa Samuye, nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Samuye ndiko kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi anaishi na ng'ombe wake. Babu alishafariki, na wajomba zangu wote wako machimboni Geita. Kila mwaka wanamwambia ahamie huko, akakae chumba cha kupanga karibu na wao. Kila mwaka anawajibu neno moja: "Na ng'ombe nimwachie nani?" Hapo mazungumzo yanakwisha. Wiki ile kijiji cha jirani ng'ombe walikuwa wanakohoa, na boma mbili walishafukia mizoga. Ugonjwa wa mapafu. Mimi nilikuwa najua kitu kimoja tu: ng'ombe wa bibi wakiisha, na jibu lake limeisha. Watambeba na kigoda chake wampeleke akakae mahali ambapo hamjui hata jirani. Na kwenye gari letu kulikuwa na sanduku la barafu, na ndani yake chanjo ya ugonjwa ule ule. Ilikuwa siku moja tu. Saa kumi alasiri msafara unarudi mjini.

Asubuhi tukaanza kuzunguka na gari, mimi juu na spika. "Leteni ng'ombe joshoni! Chanjo ya mapafu, na hereni ya sikioni, bure!" Kimya. Mwanamke mmoja alisimamisha jembe akaniangalia, akaendelea kulima. Tukazunguka tena. Kimya. Hasira zikaanza kunipanda. Watu wanaletewa dawa mlangoni wanakaa? Basi nikatoa mdomo wa mnadani.

"Leo ndiyo leo! Leo tutajua nani tajiri wa Samuye! Kila zizi litahesabiwa mbele ya watu wote! Wewe unayejisifia kilabuni, lete tuone, usije ukawa na mbuzi wawili na mdomo!"

Segese ukimtania mwanaume hivyo anakuja anakimbia. Na kweli, nikaona vumbi linanyanyuka. Zizi la kwanza likafunguliwa, la pili, la tano. Nikapiga kofi bati la gari kwa furaha.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Dada, josho liko wapi?"

"Si kule kulia?"

"Na vumbi linaenda wapi?"

Lilikuwa linaenda kushoto, korongoni, kuelekea mbugani. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wanakimbizwa, tena kwa haraka, na wachungaji hawakugeuka nyuma hata mara moja.

Joshoni, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, tukamkuta bwana mifugo peke yake, tulipomshusha asubuhi. Kijana wa kutoka mkoa wa mbali, kavaa buti mpya, kakaa juu ya sanduku lake la barafu kama anauza aiskrimu. Tulikuwa bado tunatazamana nani amlaumu nani, bibi akatokea. Fimbo mkononi, kanga ya pili mabegani, hana ng'ombe hata mmoja.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba. Nimesikia sauti yako."

Bwana mifugo akachangamka. Kapata mteja. Akafungua fomu yake. "Shikamoo mama. Ng'ombe unao wangapi?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wanaolala kwangu."

"Sawa, hao wanaolala. Ishirini? Thelathini?" Bibi akatazama pembeni. Kijana akacheka kidogo. "Au hatujui kuhesabu, mama?"

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye gari. Nakumbuka kalamu yake ikiwa mkononi mwangu. "Wewe! Unajua unaongea na nani? Huyu amezalisha ng'ombe gizani wewe hujajua hata maziwa yanatoka wapi! Rudia tena uone hiyo sindano nitakuchoma wapi!"

"Dada, kwani nimemtukana?"

"Rudia!"

"Nyamaza," bibi akasema. Nikadhani anamwambia yeye. "Wewe. Nyamaza. Mgeni hajaharibu kitu, aliyeharibu ni wewe."

Hapo ndipo kitu cha zamani kilinirudia. Nilikuwa darasa la kwanza, nimekuja likizo, nimejua namba na nimevimba kichwa. Nikasimama mlangoni pa zizi asubuhi, kidole mbele: mmoja, wawili, watatu. Sikufika mbali. Mkono wa bibi ulinifunika mdomo wote, unanuka maziwa, akanibeba hivyo hivyo mpaka jikoni. Miaka yote nilijua alinikataza kelele. Mimi nakatazwa kelele kila mahali, kwa hiyo sikuuliza.

Siku ile joshoni nikauliza. "Bibi, kwani wakihesabiwa inakuwaje?"

Akakaa kwenye jiwe. "Ukiamka asubuhi unahesabu vidole vyako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Navijua. Ni vyangu."

"Ukimkuta mtu ameshika mkono wako anakuhesabia vidole, utamuuliza nini?"

Nikafikiri. "Anataka kukata kipi."

"Haya," bibi akasema. "Na wewe umepita na gari la serikali, unapiga kelele kwamba unakuja kutuhesabia."

Nikamrudishia kijana kalamu yake. Akaipokea taratibu, kama anapokea kisu.

"Dada, mimi si mtu mbaya," akasema. "Hiki hapa kisanduku kwenye fomu, kinataka namba. Nikiacha wazi, huko mjini wataniuliza dawa nimemchoma nani. Na chupa nikiifungua lazima iishe leo."

Saa sita ilikuwa imepita. Nikakaa chini karibu na masanduku yake, na kwa sababu siwezi kukaa karibu na kitu bila kukishika, nikafungua lile la hereni. Zilikuwa za njano, zimepangwa kwa vifurushi, kila kifurushi na karatasi yake. Nikaigeuza karatasi.

"Hizi zinakuja zimeshahesabiwa?"

"Ndiyo. Kila kifurushi najua kina ngapi."

"Na hizo kuzihesabu si vibaya?"

"Vibaya kwa nani? Hereni zangu."

Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa ananitazama.

"Basi si unampa bibi kifurushi chake peke yake," nikasema. "Akimaliza, unahesabu zilizobaki. Zako. Hizo hesabu mpaka uchoke. Ng'ombe usiwataje."

Kijana akaitazama fomu yake. Akamgeukia yule mama wa mkoani, ambaye alishatoka kwenye meza ya presha huko kijijini muda mrefu na alikuwa amesimama nyuma yetu, anasikiliza. Mama akavua miwani, akaisoma fomu juu mpaka chini, kweli kweli, kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Imeandikwa idadi," akasema. "Haijaandikwa umeipataje."

Bibi akanyanyuka. "Na mdomoni haitatoka?"

"Haitatoka, mama," kijana akasema.

"Kidole?"

Akaweka mkono mfukoni kumwonyesha.

Ikabaki kazi yangu. Nikapanda gari tena, safari hii nikaongea Kisukuma, na Kisukuma changu ni cha kuombea maji. Nikasema mwangaluka, salamu ya asubuhi, wakati ni mchana, watu wakaanza kucheka kabla sijafika popote. Nikasema niliyopayuka asubuhi nilipayuka mimi, si mkoa. Nikasema hakuna atakayenyoosha kidole. Nikasema bibi yangu ndiye wa kwanza, kama kuna ubaya uanzie kwenye zizi nililonyweshwa maziwa. Mzee mmoja akapiga kelele kutoka shambani: "Ondoka na hicho Kisukuma chako, tumekuelewa!" Nilijua hapo tumepona.

Bibi alileta ng'ombe wake mwenyewe. Aliwasimamia pale wanapopita kwenye njia nyembamba ya miti, mmoja nyuma ya mwingine, na kila aliyefika alimsemesha. Pita, mwenye madoa. Pita, uliyevunja pembe. Pita, mama wa yule mkaidi. Mkaidi, pita. Kijana anachoma, anabana hereni, hasemi kitu, mkono wa pili kila ukiwa hauna kazi anaurudisha mfukoni. Mimi nilishika kamba ya mlango, na nikagundua ulimi wangu unahesabu wenyewe humo ndani. Watatu, wanne. Nikauuma. Nikaanza kusoma kimoyomoyo maelezo ya dawa ya mahindi, tikisa kabla ya kutumia, weka mbali na watoto, mpaka wa mwisho akapita.

Nyuma yao vumbi lilikuwa linarudi kutoka korongoni. Safari hii lilikuja upande wetu.

Kijana akachukua kifurushi cha bibi, akageuka akatupa mgongo, akahesabu zilizobaki midomo ikiwa imefungwa. Akaandika. Akaweka fomu juu ya meza, uso chini, akaenda kufungua chupa nyingine kwa ajili ya zizi lililofuata.

Nikabaki mimi na ile karatasi. Upepo wa pale joshoni hautulii. Ukainyanyua kona moja, nikaona mstari wa kwanza wa fomu, ukaiachia. Ukainyanyua tena, zaidi kidogo. Nawaambia ukweli, sijawahi kutaka kujua kitu kama nilivyotaka kujua ile namba. Tangu darasa la kwanza nilikuwa nimebaki katikati ya hesabu. Nisingenyoosha hata mkono. Ningeinamisha tu kichwa.

Nikachukua spika nikaiweka juu ya karatasi. Ni nzito, haikunyanyuka tena.

Bibi alikuwa amesimama nyuma ya ng'ombe wake, tayari kuondoka, hereni za njano zinang'aa masikioni mwao kama wanakwenda harusini. Alikuwa ameona.

"Umesoma?"

"Sijasoma."

Akanikazia macho, akataka kujua kama ni kweli. Halafu akaja mpaka mezani, akaisogeza spika kidogo ikae katikati vizuri. "Wabeja," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma, na akaanza kuwaswaga kwenda nyumbani. Mimi ikabidi nitangaze mikono mitupu, kwa koo langu tu, mpaka saa kumi.